Ramu nne za Karibi kutoka kwa wajazaji huru: chupa ya kwanza iwe ipi?

Shemeji yangu wa Moshi alikuja kunitembelea Hamburg, na siku ya tatu akasimama mbele ya kabati langu la ramu akazisoma lebo moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. PM. HLCF. EHP. Miaka 12, miaka 13, miaka 20. Kisha akaniuliza: "Shemeji, mimi nina hela ya chupa moja tu ya kurudi nayo nyumbani. Ninunue ipi?"

Nilianza kumjibu nikaona nazunguka. Ramu ya namna hii haielezeki kwa mtu ambaye hajainusa. Basi Jumamosi jioni tukaweka glasi nne kwa kila mtu, mkate, karanga na jagi la maji, tukamwita na jirani yangu, dada mmoja nesi aliyekulia Muhoroni, Kenya, mji ambao molasi ya viwanda vya sukari, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, hugeuzwa kuwa spiriti. Mimi nimekulia Kidatu, kwenye miwa ya Kilombero, na harufu ya molasi ya moto inayotoka kiwandani alfajiri niliijua kabla sijajua kusoma. Mezani tukawa wawili tuliolelewa na miwa na mmoja aliyezoea wiski.

Mjazaji huru ni nani

Ramu nyingi unayoiona dukani imetengenezwa na kiwanda, ikachanganywa kutoka mapipa mengi, ikashushwa kwa maji hadi asilimia 40 au hapo karibu, ikauzwa kwa jina la kiwanda chenyewe. Mjazaji huru hana kiwanda. Yeye hununua pipa, au mapipa machache, ya ramu iliyokwisha kukenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kukingwa, huiacha izeeke kadiri anavyoona inafaa, kisha huijaza kwenye chupa kwa jina lake, mara nyingi bila kuipunguza makali na bila kuichanganya na nyingine. Pipa moja hutoa chupa mia mbili na kitu. Zikiisha zimeisha.

Kazi hii ni ya zamani. Berry Bros. & Rudd wa London wamefungua duka tangu 1698. Cadenhead ilianzia Aberdeen, Uskoti, mwaka 1842. Huko Genoa, Italia, kuna Velier ya mwaka 1947, ambayo chini ya Luca Gargano imefanya kazi kubwa kuliko yeyote kuwafanya wanywaji waipe ramu heshima waliyokuwa wakiipa wiski. Compagnie des Indes ya Ufaransa ni ya juzi tu, 2014. Ujerumani na Denmark nazo zina wajazaji wadogo wengi. Lakini sehemu kubwa ya watu hawa huchota kisima kimoja: E&A Scheer, wafanyabiashara wa Amsterdam ambao kampuni yao ilianza karne ya 18, na Main Rum ya Liverpool, yenye ghala la mapipa yaliyolala miaka mingi. Ndiyo maana utakuta wajazaji watatu wana ramu ya kiwanda kilekile, mtambo uleule, mwaka uleule, kwa bei tatu tofauti. Mapipa yale ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo mimi husoma lebo kwa mpangilio huu: kwanza mtambo uliokeneka, pili mahali pipa lilipozeekea, tatu jina la mjazaji, na umri mwisho kabisa. Wanunuzi wengi huanza na umri, kwa sababu ndio ulioandikwa kwa tarakimu kubwa, na hapo ndipo hela zao zinapopotea. Ni kwa sababu hiyo pia sitaji wajazaji wa chupa zangu nne. Mapipa yale yamekwisha, hutayapata. Utakachopata ni pipa jingine la mtambo uleule, na hilo ndilo ninaloweza kukusaidia kulichagua.

Neno moja kuhusu kuonja. Tulimimina sentilita moja na nusu tu kwa kila glasi, za kioo chembamba chenye tumbo pana na mdomo mdogo, tukaziacha robo saa. Usiingize pua ndani ya glasi kama unayenusa supu. Asilimia 60 ya kilevi itaichoma, na usiku huo hutanusa kitu kingine. Shusha glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, uache harufu ipande yenyewe. Ukiona bado kali, ongeza maji. Hesabu yake ni rahisi: sentilita 2 za ramu ya asilimia 60 zikiongezewa kijiko kimoja cha chai cha maji, yaani mililita 5, zinashuka hadi asilimia 48. Mimi huongeza nusu kijiko kwanza. Na anza na ya upole umalizie na kali. Ukianza na Hampden ya Jamaika, yenye harufu kali kuliko zote nne, zile nyingine tatu utakuwa unakunywa maji.

Foursquare, Barbados

Ya kwanza ilikuwa Foursquare ya miaka 12, iliyozeekea Ulaya, asilimia 61. Kiwanda hiki kiko parokia ya St Philip, mahali palipokuwa na kiwanda cha zamani cha sukari, na anayekiongoza ni Richard Seale, ambaye familia yake imo kwenye biashara ya ramu tangu 1926. Wana mitambo ya aina mbili. Upo wa chungu, ambao mtu yeyote aliyeona gongo ikipikwa ataelewa namna unavyofanya kazi: unajaza, unachemsha, unakinga, unamwaga, unaanza upya. Na upo wa mnara, ambao unakwenda mfululizo na kutoa spiriti nyepesi, safi. Seale huunganisha za mitambo yote miwili, na ustadi wake uko hapo kwenye kuunganisha.

Harufu yake ni kashata ya nazi ikiwa bado ya moto, vanila, ndizi iliyochomwa, lozi. Mdomoni ni mviringo, haina kona. Shemeji alinusa mara moja akasema, "Hii naielewa," na sikushangaa, kwa sababu mapipa yake yalikuwa yamebeba wiski ya Marekani kabla ya kubeba ramu, na vanila ile ni ileile anayoijua.

Hapa lakini nasema waziwazi jambo ambalo wauzaji hawatakuambia: kwa Foursquare huhitaji mjazaji huru. Kiwanda chenyewe huuza toleo la mapipa teule, Exceptional Cask, likiwa na nguvu ya kutosha, limezeekea kisiwani, umri umeandikwa, halina sukari, na mara nyingi bei yake iko chini ya hizi za pipa moja. Nikiweka ile ya nyumbani kwake pembeni ya hii yangu ya Ulaya, ya nyumbani ina nyama zaidi. Mjazaji huru ana maana pale anapokupa kitu ambacho mwenye kiwanda hakupi. Seale anakupa chote.

Port Mourant, Guyana

Guyana iko bara la Amerika Kusini, si kisiwa, lakini kwa historia na kwa ramu ni ya Karibi. Zamani kila shamba la miwa kandokando ya pwani na mito yake lilikuwa na mtambo wake. Mashamba yakafungwa moja moja, na kila lilipofungwa mtambo ulihamishwa kwenda kwa jirani, hadi mwisho yote iliyosalia ikakusanywa mahali pamoja: Diamond, ukingo wa mashariki wa mto Demerara, chini ya Demerara Distillers. Wangeweza kuichoma kuni wakanunua mipya. Hawakufanya hivyo, na mimi nawashukuru kila ninapofungua chupa.

Maana mitatu kati ya mitambo hiyo ni ya mbao. Shemeji alinikatiza: "Mtambo wa mbao? Si utaungua?" Hauungui kwa sababu haupashwi kwa moto bali kwa mvuke. Ni mapipa makubwa mno yaliyofungwa kwa mbao ngumu za misitu ya Guyana, yenye shingo za shaba. Port Mourant ni vyungu viwili vilivyounganishwa. Versailles ni chungu kimoja. Enmore ni wa mnara, na wenyewe pia ni wa mbao. Kwenye lebo utaziona alama PM, VSG na EHP. Hiyo ya mwisho ni herufi za Edward Henry Porter, aliyelimiliki shamba la Enmore. Shamba la Port Mourant lenyewe ni la mwaka 1732, na ramu nzito ya Demerara ilikuwa uti wa mgongo wa posho ya ramu ya mabaharia wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza hadi posho hiyo ilipokomeshwa tarehe 31 Julai 1970.

Chupa yangu ilikuwa PM ya miaka 13, iliyozeekea Ulaya, asilimia 58. Kitu cha kwanza kinachokuja ni penseli. Sisemi kwa mfano wa mbali: ni harufu ileile ya unga wa penseli uliobaki ndani ya kichongeo, mbao na risasi. Halafu shamari. Halafu tende, zabibu kavu, karafuu, na molasi iliyoshika chini ya sufuria. Ukiimeza inakuwa kavu, ina chumvi kidogo, na ile shamari inarudi nyuma ya ulimi inakaa dakika kadhaa.

Kwangu kuna kitu kingine zaidi. Kule Kidatu miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, kuondoa majani na nyoka. Usiku anga linakuwa jekundu, na asubuhi masizi meusi, mepesi kama manyoya, yanashuka kwenye nguo zilizoanikwa. Mama alikuwa akituambia tusiyaguse, tuyapulize, kwa sababu ukiyagusa yanapaka. Yana utamu wa moshi ambao sijaupata popote pengine, isipokuwa ndani ya glasi ya Port Mourant iliyoachwa nusu saa. Nilimpa dada wa Muhoroni anuse bila kumwambia neno. Akafumba macho akasema, "Hii ni msimu wa kuchoma."

Tahadhari moja kwa mnunuzi: rangi isikudanganye. Baadhi ya ramu za Guyana hutiwa rangi ya karameli tangu zinapoingia kwenye pipa, kwa hiyo utakutana na ya miaka kumi nyeusi kama kahawa na ya miaka ishirini na tano yenye rangi ya chai ya rangi. Weusi hauna habari yoyote ya umri wala ya ubora.

Caroni, Trinidad

Caroni ni marehemu. Kiwanda kilianza kukeneka mwaka 1918 pembeni ya kiwanda cha sukari, baadaye kikawa mali ya serikali, na mwaka 2003 kikafungwa pamoja na kampuni ya sukari. Mwaka 2004 Luca Gargano wa Velier alifika Trinidad na kukuta maghala yenye mapipa ambayo hakuna aliyekuwa akiyatolea macho. Akayanunua. Chupa alizoanza kutoa baada ya hapo zimegeuka vitu vya mnada, na wajazaji wengine waliokuwa na mapipa yao ya Caroni huko Ulaya nao wamepandia humohumo.

Tuliyoionja ilikuwa ya mwaka 1998, iliyojazwa ikiwa na miaka 20, asilimia 61; nilinunua kichupa cha sentilita 5 tu, tukagawana. Ni lami. Barabara inayomwagwa lami mpya mchana wa jua kali, kamba ya meli, petroli, tairi. Inaonekana kama natukana, lakini subiri dakika kumi uone kinachotoka chini yake: embe lililoiva sana, ngozi, na mti wa sandali. Ni ramu yenye tabia ambayo hakuna kiwanda kingine kinachoirudia, na ninasikitika kwa dhati kwamba kimekufa.

Hata hivyo sikumshauri shemeji aichukue, na wewe sikushauri kwa chupa ya kwanza. Bei ya Caroni moja yenye jina hununua Port Mourant tatu au nne. Sehemu kubwa ya hela hiyo unalipia kufungwa kwa kiwanda, hulipii ladha. Tena si kila Caroni ina lami. Walikeneka nzito na nyepesi, na nyepesi zao ni za kawaida kabisa, ila lebo inabeba jina lilelile na bei inayokaribiana. Kama lebo haisemi kuwa ni nzito, na hujapata kuionja, acha. Ukiitaka kwa hamu, fanya kama sisi: nunueni kichupa, mgawane.

Hampden, Jamaika

Hapa ndipo meza ilipochangamka. Hampden iko Trelawny, shamba la mwaka 1753, na kwa muda mrefu haikuuza hata chupa moja kwa jina lake. Ilikuwa ikikeneka na kuuza ramu changa kwa jumla, nayo ikazeekea Liverpool na kwingineko. Familia ya Hussey iliinunua serikalini mwaka 2009 ndipo ikaanza kuzeesha yake yenyewe, na chupa zake zilizozeekea shambani zikatoka 2018. Kwa hiyo Hampden iliyokenekwa kabla ya 2009 na kujazwa peke yake, uliyoinywa au utakayoinywa, karibu yote imetoka kwa mjazaji huru. Hapa wajazaji wana haki yao kamili.

Siri iko kwenye kuchacha. Viwanda vingi vya kisasa huchachusha molasi kwa siku moja au mbili, kwa hamira ya kununua. Hampden hawatii hamira. Hamira iko kwenye hewa, kwenye kuta, kwenye mbao za matangi, na kazi yake inaendelea wiki mbili na hata zaidi. Ndani humo wanatia siki ya miwa, na wanatia danda, yale maji machungu meusi yanayobaki mtamboni baada ya kukeneka. Kwa ramu zao nzito wanaongeza pia uozo kutoka kwenye shimo wanalolitunza kwa miaka, lililojaa mabaki na vijidudu vinavyotengeneza asidi. Shemeji hakukunja uso hata kidogo. Alisema kwao pipa la mbege nalo halisuguliwi kwa sabuni, maana ukilisugua umefukuza kilichokuwa kinafanya kazi. Ndivyo ilivyo.

Asidi zile zikikutana na kilevi hutoa esta, na esta ndizo harufu za matunda. Wajamaika huzipima kwa gramu katika kila hektolita, yaani lita mia, ya alkoholi tupu, na kila daraja lina alama yake. Hampden yenye alama OWH ina 40 hadi 80. LROK ina 200 hadi 400. HLCF ina 400 hadi 600. Juu kabisa iko DOK, 1,500 hadi 1,600, na 1,600 ndio ukomo wa sheria ya Jamaika. DOK haikukusudiwa kunywewa peke yake. Ni ya kutia matone kwenye mchanganyiko na kwenye peremende.

Na mji huu ninaoishi una uhusiano na habari hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 Ujerumani ilipandisha sana ushuru wa ramu inayoingia. Wafanyabiashara wa hapa na wa Flensburg, mji wa ramu ulio kaskazini yetu, wakataka ramu yenye harufu kali kiasi kwamba lita moja iweze kunukisha pipa zima la spiriti ya bei nafuu ya nyumbani. Wajamaika wakawapikia wanachotaka. Herufi C na F kwenye HLCF zinakumbuka biashara hiyo: zinasema ladha ya bara, yaani bara la Ulaya.

Yetu ilikuwa HLCF ya miaka 11, iliyozeekea Ulaya, asilimia 60. Dada wa Muhoroni alinusa akairudisha glasi mezani haraka. "Kaka, hii ni solushen ya kubandikia pancha!" Ni kweli kabisa, ni ile gundi ya fundi baiskeli, na vanishi ya fundi seremala juu yake. Nikamwomba aiache. Baada ya dakika kumi tukaongeza nusu kijiko cha maji, na glasi ikafunguka: nanasi lililopitiliza, ndizi kisukari zenye maganda yaliyoanza kuwa meusi, achari ya ndimu, zeituni. Akanusa tena, akanusa tena, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kuiweka chini. Shemeji yeye aliikataa mwanzo hadi mwisho. Alisema inanukia vizuri kama duka la matunda lakini hawezi kulala ndani ya duka la matunda.

Hampden hugawa watu namna hiyo, na ndiyo sababu sitaki mtu ainunue bila kuionja. Kama unaitamani Jamaika lakini unaogopa solushen, tafuta LROK, au nenda Worthy Park, bonde la Lluidas huko St Catherine, ambako mtambo mpya ulianza kazi 2005. Hiyo ni ndizi zaidi, gundi kidogo, na wajazaji huru wanayo nyingi kwa bei ya kibinadamu.

Miaka imekaa wapi

Nilisema umri uusome mwisho. Sababu ni joto. Katika ghala la Karibi pipa hupoteza kwa mvuke asilimia 6 au zaidi kila mwaka. Katika ghala la Liverpool ni kama asilimia 2. Chukua pipa la lita 200. Baada ya miaka 12 kule Karibi zimebaki lita 95 hivi. Liverpool zimebaki kama 157. Kilichobaki Karibi kimekolea, kimenyonya mbao nyingi, kimekuwa kizito. Kilichobaki Liverpool kimekaa karibu zaidi na kilivyotoka mtamboni. Kwa hiyo "miaka 12" na "miaka 12" ni vitu viwili tofauti, na lebo ya mjazaji mkweli itakuambia mingapi ilikuwa kwenye joto na mingapi kwenye baridi. Barbados na Jamaika kuna mvutano mkali kama ramu iliyozeekea Ulaya inastahili kubeba jina la kisiwa, na ninawaelewa wenye visiwa: kazi ya kuzeesha ni ajira na ni thamani inayobaki nyumbani. Mimi mwenyewe nanunua za aina zote mbili. Kwa Port Mourant na Hampden napenda za Ulaya, kwa sababu mbao hazijaufunika mtambo. Kwa Foursquare na Caroni napenda za joto.

Sukari

Hili lilinigharimu. Miaka sita iliyopita nilinunua kwa bei kubwa chupa iliyoandikwa namba ya dhahabu, iliyoonekana kama umri. Ilikuwa laini, tamu, kila mgeni aliisifu. Usiku mmoja nikamwaga kijiko kimoja kwenye kisosi nikakiacha dirishani, na pembeni yake kisosi kingine chenye kijiko cha Port Mourant. Kesho yake jioni kilevi na maji vilikuwa vimekwenda. Kisosi cha Port Mourant kilikuwa na doa jembamba la kahawia lililokauka, ukilipitishia ukucha linatoka kama vumbi. Kile kingine kilikuwa na sharubati. Kidole kilinasa. Na nilipoisoma lebo vizuri nikaona ile namba haikufuatwa popote na neno linalomaanisha miaka.

Sheria ya Ulaya tangu 2021 inaruhusu hadi gramu 20 za sukari kwa lita ya ramu. Wajazaji huru wazuri huandika wazi kuwa hawakuongeza kitu. Wasipoandika, kisosi kipo.

Ramu za Martinique na Guadeloupe, ambazo nyingi hukenekwa kwa maji ya miwa yenyewe na si kwa molasi, sikuziweka mezani. Martinique ina ulinzi wake wa kisheria tangu 1996, na ladha yake ya majani mabichi iko karibu zaidi na dengelua, ile pombe ya miwa ya kwetu, kuliko na hizi nne. Zinataka jioni yake.

Basi uchukue ipi

Kama umezoea wiski na unataka kuvuka taratibu, chukua Foursquare, lakini ya kiwanda chenyewe. Kama umewahi kuionja Hampden ukaipenda, huhitaji ushauri wangu. Nenda HLCF au LROK ya miaka 8 hadi 12 na usilipie zaidi ya hapo, kwa sababu esta hazihitaji miaka 25 kujitambulisha. Caroni ni ya kugawana. Na kama una hela ya chupa moja tu ya mjazaji huru, hujui unapenda nini, na unataka kuelewa kwa nini watu wazima wanagombania mapipa, chukua Port Mourant ya miaka 10 hadi 15, iliyozeekea Ulaya, asilimia 50 hadi 60, isiyotiwa sukari. Haikubembelezi kama Foursquare wala haikushambulii kama Hampden, na hakuna mtambo mwingine duniani unaotoa kitu kama hicho. Ukipata VSG kwa bei nzuri, nayo pia, ni kavu zaidi kidogo.

Shemeji hakuamua usiku ule. Tuliacha glasi mezani bila kuziosha, jambo ambalo nakushauri nawe ulifanye. Asubuhi kabla ya chai alipita akazinusa zikiwa tupu, moja moja. Foursquare ilikuwa imebaki vanila hafifu. Caroni ilinukia kama gereji iliyofungwa. Hampden bado ilikuwa nanasi, kana kwamba imemiminwa sasa hivi. Alipofika kwenye ya Port Mourant alikaa nayo muda mrefu, akavuta kiti. Saa nne tulikuwa kwenye treni kuelekea dukani, na herufi mbili tu zimeandikwa kwenye kiganja chake kwa kalamu.